Kufyatua Kamera kwa Mbali na Amana ya Kunakili Kitabu

Makala hii inakihakiki chombo ambacho vijana wetu wa madrasa wamekipenda sana, nacho ni mashine ya kunakili vitabu kwa picha, inayoundwa nyumbani kwa mbao, kioo na kamera mbili. Sitaihakiki mashine nzima. Nitaishika sehemu moja tu, ile inayozifyatua kamera kutoka mbali bila ya mkono kuzigusa, kwani nimeona kuwa hapo ndipo kitabu kinapohifadhiwa au kinapopotea.

Mimi si fundi. Jambo hili lilinijia kwa njia ya talaka.

Mtu mmoja alimwacha mkewe talaka moja ya rejea, na mke ana mimba. Siku ya kujifungua mume alikuwa safarini. Akapigiwa simu kuwa mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Pale pale, mbele ya watu wawili, akasema: "Nimemrejea mke wangu." Haikupita saa moja akapigiwa tena: pacha wa pili ametoka. Wazee wa mke wakauliza: je, rejea imesihi, au eda ilikwisha kwa mtoto wa kwanza na sasa inatakiwa akdi mpya na mahari mapya?

Mmoja katika wanafunzi wangu, kijana hodari na mwenye haraka, akafungua simu yake. Alikuwa na Mughni al-Muhtaj ya Sheikh al-Khatib al-Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria), nakala ya picha iliyopigwa kutoka chapa ya zamani ya Cairo. Akakuta kwamba eda ya mwenye mimba humalizika kwa kuzaa. Akafungua ukurasa unaofuata, hakuona lolote kuhusu mapacha, akawajibu wazee wale kuwa eda imekwisha na rejea haipo.

Jawabu lile lilinifikia usiku ule ule, kabla halijafika kwa Kadhi. Nikamwita.

"Mwanangu, umesoma wapi kuwa pacha wa kwanza anamaliza eda?"

"Maalim, Mughni haikusema kitu juu ya pacha. Nimeitazama mwenyewe."

"Minhaj imesema. Mughni itanyamazaje na hali inaisherehesha Minhaj?"

Kila aliyedurusu Minhaj ya Imam Nawawi anajua kuwa imeshurutisha mimba itoke yote, hata pacha wa pili, na ikaeleza kuwa wawili ni mapacha ikiwa muda kati yao haukufika miezi sita. Basi mume yule alirejea ndani ya eda, na mke ni mkewe. Tukaitoa kabatini Mughni ya karatasi, juzuu ya tatu, na mas'ala ya pacha yapo mahali pake. Tukarudi kwenye simu. Ukurasa ule haukuwemo.

Chini ya ukurasa wa kulia, pembeni, palikuwa na neno moja dogo limesimama peke yake. Wazee wetu wanaliita taaqiba. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ambalo mwandishi au mpiga chapa huliweka chini ili anayepanga karatasi ajue ipi inafuata ipi. Ukurasa uliofuata simuni ulianza kwa neno jingine kabisa. Lau kijana angeuliza lile neno dogo, lingemwambia kuwa kuna kitu kimetoka.

Tulipoendelea kufunua tukaona jambo la ajabu zaidi. Kutoka pale mpaka mwisho wa juzuu, kurasa zilikwenda mbele na kurudi nyuma. Nitoe mfano wa nambari ili msomaji anifahamu. Ikiwa ukurasa wa 213 ndio uliopotea, basi baada ya 212 ikaja 215, kisha 214, kisha 217, kisha 216, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kosa la mtu aliyechoka huwa halina mpango. Kosa hili lilikuwa na mpango, na mpango ule ndio ulionifanya nikaulize vitabu hivi vinapigwaje picha.

Nilichokipata ni hiki. Mwaka 2009 kijana wa Kimarekani aitwaye Daniel Reetz alitangaza michoro ya mashine aliyoiunda kwa vitu vilivyotupwa na kamera mbili za bei rahisi, akawapa watu bure. Wakati ule mashine za viwandani za kazi hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa maelfu ya dola. Ubunifu wake unastahiki sifa, na mimi ninamsifu bila ya kubana. Kitabu hakilazwi kifudifudi juu ya kioo kama katika mashine ya kutolea kopi, jambo ambalo huvunja mshono. Kinawekwa kwenye kitanda chenye umbo la herufi V, kinafunguka nusu tu, kisha kioo chenye umbo hilo hilo kinashushwa juu yake kuzinyoosha kurasa. Kamera ya kushoto huutazama ukurasa wa kulia, na ya kulia huutazama wa kushoto.

Atakayekiona kitanda kile atakumbuka marufaa ya msahafu. Na Badr al-Din Ibn Jamaa (aliyefariki mwaka 733 Hijria), katika kitabu chake cha adabu za mwalimu na mwanafunzi, alikwishakataza anayenakili asikiache kitabu kimetandazwa wazi chini. Akamtaka akiweke kati ya vitu viwili au juu ya kiti chake cha vitabu, ili mshono usikatike upesi. Miaka mia saba baadaye kijana wa Marekani amefika pale pale kwa njia yake.

Sasa tuje kwenye kufyatua. Kamera ikibonyezwa kwa kidole hutikisika, na chini ya mwanga wa taa ya kawaida mtikisiko mdogo tu hutosha kuzifanya nukta za ba na ta zishikane. Tena kamera ikisukumwa hata kidogo, ukurasa wa mia hautakaa sawa na ukurasa wa kwanza. Na mikono yenyewe haitoshi: mmoja unainua kioo, wa pili unafunua karatasi, wa tatu wa kubonyeza uko wapi? Ndiyo maana watu wakatafuta namna ya kufyatua kwa mbali. Wako waliotumia waya wa breki ya baiskeli kusukuma vitufe viwili kwa mkupuo. Wengi walitumia kamera za Canon PowerShot zilizotiwa programu ya CHDK, ambayo husomwa kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu na haiibadili programu ya asili ya kamera. Programu hiyo huifanya kamera iusikilize mlango wake wa USB: umeme mdogo wa betri ukiingia kwenye mlango ule, kamera inajiandaa, ukikatika, inapiga. Waya mmoja unagawanywa ncha mbili, katikati swichi na betri tatu ndogo, na kamera mbili zinafyatuka kwa pamoja. Swichi wengine huiweka chini wakaikanyaga kwa mguu kama cherehani.

Vijana wetu waliunda moja. Mbao walizipata kwa seremala jirani, kioo kwa fundi madirisha, na kamera mbili zilizotumika. Siku ya kwanza walifika kiasi cha kurasa mia tano kwa saa, wakapiga takbiri. Nikawaambia wanioneshe zote, si zile nzuri tu. Tulipozihesabu, kadi ya kamera moja ilikuwa na picha 251 na ya pili 248.

Hapo ndipo penye ila ya kifyatulio kile. Umeme unaopita katika waya ule ni amri ya upande mmoja, yaani unakwenda na haurudi na jawabu. Kamera ambayo bado inaandika picha iliyotangulia haitaisikia amri. Kamera ambayo betri imechoka itarudisha lenzi ndani na kunyamaza. Kamera iliyoukabili ukurasa mtupu, au mng'ao wa taa juu ya kioo, inaweza kushindwa kulenga. Anayekanyaga swichi hajui, kwani amesikia mlio wa kamera moja akadhani ni mbili, na macho yake yako kwenye karatasi anayoifunua. Kila kadi inajaza kurasa za upande wake peke yake. Mwishoni programu inazisuka pamoja, moja ya kulia, moja ya kushoto, kama wafumavyo ukili. Uzi mmoja ukikosekana katikati, mkeka wote unaofuata umekwenda upande. Na hivyo ndivyo ilivyotokea kwa ile Mughni ya simuni: picha moja tu ya upande wa kushoto ilikosekana, na kila iliyofuata ikapanda nafasi moja.

Nawatanabahisha pia kuwa mashine hizi zilibuniwa na watu wa vitabu vya Kilatini, na mipango yao ya kusuka hudhani ukurasa wa kushoto ndio wa mwanzo. Anayenakili kitabu cha Kiarabu asipogeuza mpango atapata 213 kabla ya 212 kitabu kizima. Hilo si baya sana, maana huonekana mapema na hutengenezeka.

Katika wanachuoni wa hadithi jambo hili lina jina lake. Ibn al-Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria), katika fungu la ishirini na tano la kitabu chake cha elimu ya hadithi, ameeleza uandishi na udhibiti wake, akataja kuwa Urwa bin al-Zubayr alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akasema ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha, akasema hapana. Akamwambia kuwa basi hakuandika. Na Yahya bin Abi Kathir amepokewa akimfananisha mwenye kuandika bila ya kulinganisha na mtu aliyeingia chooni akatoka bila ya kustanji. Maneno makali, lakini wao waliona hadithi zikiharibika. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki mwaka 463 Hijria) alipendekeza mwandishi aweke duara tupu baina ya hadithi na hadithi, na asitie nukta ndani ya duara mpaka amekwishailinganisha na asili. Kwa hiyo aliyeichukua nakala ile karne mbili baadaye alikuwa akijua, kwa kuitazama tu, ni wapi jicho la pili limepita na wapi halijapita.

Nakala za picha tunazopakua leo hazina duara. Ukurasa wa kwanza utakuta alama ya aliyepiga na dua ya kumwombea, na haki yake apewe. Lakini nani aliyelinganisha? Karatasi ni ngapi katika asili na ngapi katika nakala? Hakuna. Watu wanadhani kwamba kamera haikosei kwa kuwa haibadilishi herufi. Ni kweli kamera haitaandika "qala" mahali pa "qila". Lakini mwandishi wa mkono alikuwa akisoma anachokiandika, na akiruka mstari maana humgutusha. Kamera haisomi, wala anayeifyatua kwa mguu hasomi.

Nilidhani kwa muda kuwa taaqiba itatutosha: tukague tu lile neno la chini na neno la juu. Nikaona nimekosea, na inafaa nieleze kwa nini. Katika hati za mkono taaqiba kwa kawaida huwa chini ya ukurasa wa kulia peke yake, ikiashiria ukurasa wa kushoto ulio mbele yake. Kazi yake ni kuilinda karatasi moja isitengane na ya pili. Kamera ya upande mmoja ikikosa kufyatuka, taaqiba itakuambia, kwa sababu jozi ile imevunjika. Lakini mkono ukifunua karatasi mbili pamoja, zilizogandamana kwa unyevu, basi kurasa mbili zinazotazamana huruka kwa pamoja, na jozi iliyotangulia ni sahihi na jozi inayofuata ni sahihi. Taaqiba zote zitaafikiana na kitabu kitakuwa na tundu. Kwa hivyo taaqiba hulifichua kosa la kamera, na kosa la mkono haliwezi. Hilo linataka nambari za karatasi zilizohesabiwa kabla ya kazi, au mtu anayesoma akafuata maana.

Kuna kifyatulio cha aina ya pili, na hukumu yangu ni kuwa huyu ndiye wa kuchaguliwa. Kamera zile zile zenye CHDK zinaweza kuunganishwa na kompyuta kwa programu kama chdkptp, na iko Pi Scan inayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Hapa waya haubebi umeme mtupu. Kompyuta inatoa amri, kamera inapiga, kisha picha yenyewe inarudi kwa waya ule ule na kuhifadhiwa. Isiporudi, unajua papo hapo. Ni polepole zaidi. Vijana walilalamika kuwa kasi imeshuka karibu nusu, na kwamba waya mara nyingine hukatika mawasiliano na kamera ikahitaji kuzimwa na kuwashwa. Ni kweli, nimeyaona mwenyewe na yanachosha.

Lakini wanafunzi wa hadithi wanakijua kitu kiitwacho ardhi, kwa maana ya mwanafunzi kumsomea sheikh wake yale aliyoyapokea na sheikh akasikiliza. Kifyatulio kinachojibu kiko karibu na hilo. Kile cha betri na swichi ni sawa na sheikh anayesoma gizani, asijue kama wanafunzi wameamka au wamelala.

Wako pia wanaotumia simu moja juu ya kigingi, wakaifyatua kwa kitufe cha sauti cha waya wa masikio au kwa kitufe kisicho na waya. Kwa kuwa picha moja hubeba kurasa zote mbili, kulia na kushoto havitengani, na ile balaa ya kusuka haipo. Ubaya wake ni kuwa kitabu hulazwa wazi kabisa, na kurasa zikajikunja katikati karibu na mshono, penye maneno. Kwa daftari jembamba inafaa. Kwa juzuu nene ya chapa ya zamani sikushauri.

Pengine msomaji atasema: Sheikh, haya yote ya nini, na vitabu viko tele kwenye mtandao? Vilivyochapwa Cairo na Beirut viko tele. Vya majumbani mwetu haviko. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini, nao ni watu wa kazi, wana vifaa na orodha. Lakini ni makasha mangapi ya pwani hii, Pemba, Tanga, Bagamoyo, Ngazija, yenye maandiko ya mababu ambayo mpango wowote haujayafikia? Mchwa hawangoji mradi. Huko itakayokwenda ni mashine ya mbao, na kijana mwenye kamera mbili kuukuu. Na karatasi ya kasha lile ikirukwa leo, kisha kasha likaliwa, hakuna Mughni nyingine ya kabatini ya kurejea.

Na kabla ya kasha kufunguliwa kuna idhini. Ibn Jamaa amesema kitabu cha kuazima hakinakiliwi bila ya ruhusa ya mwenyewe, na kilichowekwa wakfu kwa wenye kunufaika bila ya kuainishwa hakuna ubaya kunakili humo kwa tahadhari, na ni vizuri kumtaka ruhusa msimamizi wake. Kamera ni kunakili, sioni tofauti. Amekataza pia kuweka karatasi ya kunakilia ndani ya kitabu, kuweka kidau cha wino juu yake, na kupitisha kalamu yenye wino juu ya maandishi yake. Mwenye mashine ana vidau vyake: kioo kinachoshushwa kwa kishindo juu ya karatasi iliyokauka, taa inayochoma ikakaribishwa mno, kamera iliyofungwa kwa kamba juu ya hati ya miaka mia mbili. Nimewakuta vijana wakining'iniza kamera kwa utepe wa karatasi. Nikasimamisha kazi mpaka zilipofungwa kwa skurubu.

Baada ya hapo sisi tulikubaliana hivi. Karatasi zinahesabiwa kwanza na idadi inaandikwa. Anafunua mmoja, na mwengine anakaa mbele ya kompyuta akiangalia picha mbili zimerudi na kusoma taaqiba kwa sauti. Kila baada ya karatasi kumi kazi inasimama, nambari zinalinganishwa na kitabu, na katika daftari tuna duara moja kwa kila kumi. Duara linatiwa nukta likishalinganishwa. Mwisho wa faili tunapiga picha ya ukurasa wa daftari lile pamoja na jina la aliyelinganisha na tarehe, ili atakayeipata nakala Mombasa au Muscat ajue alichokishika.

Kazi ya kusoma taaqiba nilimpa kijana yule yule wa mapacha. Alikwenda mwenyewe kwa wazee wale kuliondoa jawabu lake, nami sikumtuma. Juzuu ya tatu ya Mughni imekamilika, karatasi moja imepigwa mara mbili na hakuna iliyopungua. Ya nne imefika katikati. Duara kumi na tatu zina nukta, na la kumi na nne bado ni tupu, maana kamera ya kushoto ilinyamaza juzi baada ya Alasiri na tunangoja betri.